Pleti Tulizozivundika kwa Ajili ya Redio ya Zahanati

Ninamshukuru Mungu, aliyeuinua mlima huu na kuyaficha maji ndani yake, akaipa mikono yetu kazi na kazi yetu maana. Sifa ni zake kabla sijaandika neno la pili, kwa sababu mengi nitakayosimulia hapa niliyakosea mimi mwenyewe, na aliyeyanyoosha ni Yeye.

Mimi ni mzee wa kanisa katika usharika mmoja wa Kilutheri huku Old Moshi. Vijana wanaoniona leo nimekaa benchi la mbele na Biblia yangu ya maandishi makubwa hawaamini nikiwaambia kwamba zamani nilikuwa nikitengeneza betri. Sisemi kuuza wala kuchaji. Nasema kutengeneza: kuukanda unga wa risasi kwa tindikali mpaka uwe kama ugali mgumu, kuujaza kwenye wavu mdogo wa risasi, na kuutunza mpaka uwe pleti inayoweza kushika umeme.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini. Biashara ilikuwa imeanza kufunguliwa, lakini kufunguliwa kwake kulikuwa kama mvua za vuli, kunanyesha kwa jirani na kwako pakavu. Sabuni na nguo zilishaanza kuonekana madukani Moshi mjini. Betri mpya hazijafika, au zikifika zinakwenda kwa wenye malori. Wengine wote walimpelekea fundi betri zao kuukuu.

Fundi wangu alikuwa Mkatoliki wa Kilema, mtu mfupi mwenye mashati yaliyotobolewa na tindikali. Nilikwenda kwake kwanza kuosha vyombo vya betri vilivyofunguliwa. Mume wangu alikuwa mwalimu, mshahara unachelewa, na mimi nilikuwa nimemaliza masomo ya Biblia ya kina mama, nina vyeti viwili vya kufundisha Neno na hakuna hata kimoja cha kuingiza mboga jikoni. Mwaka wa pili fundi akaniona namna ninavyokanda, akasema mikono iliyosonga kiburu, ule mseto wetu wa ndizi na maharage, kwa miaka mingi haihitaji kufundishwa ugumu wa kitu. Akanipa mipira ya mikono na kazi ya kujaza pleti.

Nitaeleza kidogo kazi yenyewe, maana bila hiyo hadithi haitaeleweka. Tindikali ya betri imetokana na salfa, ule unga wa manjano tunaounyunyizia nyanya zisishikwe na ukungu. Ikikutana na unga wa risasi, hufanya chembe nyeupe kama chumvi. Chembe hizo hushikana zenyewe kwa zenyewe na kuacha vitundu vidogo sana katikati, visivyoonekana kwa macho. Uzima wote wa pleti uko katika vitundu hivyo. Tindikali lazima iweze kuingia mpaka ndani, isiishie kugusa ngozi ya juu. Pleti iliyobana, hata iwe nzuri kama kigae, ni mzigo tu. Pleti iliyopasuka humwaga unga wake chini ya betri na kufa. Inayotakiwa ni ngumu lakini inakunywa.

Fundi hakuwa na mashine ya kupimia jambo hilo. Alikuwa na kidole chake. Alikichovya majini, akadondosha tone juu ya pleti, akatazama. Tone likikaa juu kama umande kwenye jani la gimbi, aliirudisha pleti kwenye sufuria ya kuyeyushia. Likizama mara moja, alisema, "Hii imebatizwa." Hakuwa na maneno mengine ya sifa.

Na ili pleti ifike hapo, baada ya kujazwa haikaushwi. Hukaa siku kadhaa mahali penye joto na unyevu, imefunikwa, chembe zile zijijenge taratibu. Pale karakana tulikuwa na pipa la zamani lililowekwa magunia mabichi. Kazi hiyo fundi aliiita kuvundika, kama tunavyovundika ndizi.

Sasa, juu yetu, mwendo wa saa moja na nusu kutoka kanisani kwetu, kulikuwa na zahanati. Ilikuwa na muuguzi mmoja, dada mkimya ambaye sote tulimwita sista ingawa si mtawa, na ilikuwa na redio ya upepo iliyotumia betri. Kila Jumatatu saa nne asubuhi ofisi ya afya mjini iliita majina ya zahanati za milimani moja moja, na kila mmoja akajibu. Siku nyingine redio ilitumika kuita gari la wagonjwa. Barabara ya kule wakati wa masika siielezi. Kabla ya redio, mjamzito aliyeshindwa alishushwa kwa machela, na si wote waliofika chini wakiwa wazima.

Betri ya redio ile ikafa. Muuguzi akaja karakana akiwa ameibeba kichwani juu ya ngata, akatuonyesha barua. Ofisi ilikuwa imemwandikia kwamba zahanati yao haijasikika kwa wiki nyingi, na redio zenyewe ni chache. Isiposikika kabla ya mwezi huo kwisha, redio itachukuliwa ipelekwe zahanati nyingine. Alituhesabia Jumatatu zilizobaki kwa vidole vya mkono mmoja. Zilikuwa tatu. Hakulia wala hakusihi. Alisema tu kwamba kuna kina mama wanne watakaojifungua kabla ya mvua za vuli, akatutajia vijiji vyao.

Fundi akaifungua betri. Vyumba vinne kati ya sita vilikuwa vizima, viwili pleti zake zimekuwa matope. Akasema inatengenezeka. Unga wa risasi uliokuwepo ulitosha kujaza vyumba hivyo viwili mara mbili, basi. Mwingine ungetoka ng'ambo ya mpaka kupitia Tarakea, na mleta unga hakuwa amesema anarudi lini.

Ilikuwa Julai, na kwa Julai yetu ukungu hushuka mpaka kwenye mlango wa nyumba na jua huwa habari ya kusimuliwa. Pipa la kuvundikia lilikuwa limeoza kitako. Nikamwambia fundi nitakwenda nazo nyumbani, nizivundike kihambani kwangu, kwenye shamba letu la migomba. Aliniangalia, akasema sawa, zikae kwenye joto na zisiguswe.

Ndipo nilipokosea, na kosa langu lilikuwa la mtu wa kwetu hasa. Kila mama wa mlimani anajua kwamba mwezi wa Julai shimo halivundiki ndizi. Ardhi ni baridi mno. Ndizi hulala humo kama zilivyoingia. Msimu huo ndizi hupandishwa darini, juu ya moto wa jikoni, zipate joto na moshi mpaka ziive. Mama yangu alifanya hivyo, na mama yake. Basi nikazipanga pleti ishirini darini juu ya mafiga, nikazifunika na majani, nikachochea kuni kwa bidii, nikaimba tenzi. Nilikuwa na uhakika kabisa.

Siku ya nne nikazishusha. Zilikuwa zimepasukapasuka kama matope ya bwawa lililokauka. Nikiinua moja, unga unabaki mkononi.

Fundi alizipokea akazipanga mezani, akanusa moja. "Hizi zimeiva," akasema. "Bado kutia ulezi tu, iwe pombe ya ndizi, tunywe. Mlutheri ukitaka kupika mbege useme, hatutakusema kwa mchungaji wako."

Nilimwambia nimekosa. Akasema kosa ni lake pia, kwamba yeye alisema joto akasahau kusema maji, kwa sababu kwenye pipa maji yalikuwepo bila kutajwa. Kisha akaanza kumimina nyavu nyingine za risasi, ili mimi nitumie unga uliobaki. Tulikuwa tumebakiwa na Jumatatu mbili, na mara ya tatu haikuwepo.

Nilipanda mlima jioni ile nikiomba njia nzima. Sikuomba muujiza. Niliomba nikumbushwe kitu ninachokijua. Na nilipofika nyumbani nikaingia bandani kumwekea ng'ombe majani, miguu yangu ikakanyaga pembeni mwa lundo la samadi, nikahisi joto likipenya mpaka kwenye soli ya kiatu. Mvuke ulikuwa ukitoka kwenye lundo lile wakati nje watu wamejifunga mablanketi. Joto, na unyevu, usiku na mchana, bila kuni. Nilikuwa nikilipita mara mbili kwa siku kwa miaka kumi na mitano.

Jumatano nikazijaza pleti mpya karakana, nikapanda nazo. Nikachukua majani mabichi ya mgomba, nikayababua motoni yalainike, nikazifunga pleti ndani yake, nikazizungushia gunia lililoloweshwa, nikaziweka kwenye debe, na debe nikalizika ubavuni mwa lundo. Mume wangu alisimama mlangoni mwa banda na kikombe cha chai. Akauliza kama redio ya zahanati ikipona itakuwa ikinuka. Nikamwambia sauti hainuki.

Jumamosi nikazitoa. Nilibadilisha majani mabichi nikaweka makavu, ili unyevu utoke polepole. Sikuona ufa hata mmoja. Lakini sikuthubutu kudondosha tone. Nilijiambia ni kazi ya fundi. Ukweli ni kwamba niliogopa jibu.

Fundi alikuwa amesema nizifikishe Jumapili ya kesho yake alasiri. Kuchaji pleti mpya kunataka siku nyingi za taratibu, na umeme mjini ulikuwa ukikatika utakavyo. Kila siku moja ilikuwa na thamani. Yeye atatoka Misa aje afungue karakana. Kwa hiyo nilikwenda kanisani na furushi langu, ili ibada ikiisha nishuke moja kwa moja. Nilikuwa mwanakwaya, na mwanakwaya haingii na mzigo. Nikaliweka barazani kivulini, kando ya vikapu vingine.

Asiyejua desturi yetu anapaswa kuelezwa. Kwetu asiye na fedha humtolea Mungu alichonacho: mkungu, mayai, parachichi, chupa ya maziwa. Ibada ikiisha vitu hivyo hunadiwa nje, na watu hununua kwa bei ya upendo. Mahali vinapokusanywa ni barazani. Kivulini. Kando ya vikapu.

Siku ile kwaya ilibaki ndani kujifunza wimbo. Nilipotoka, mnada umekwisha na furushi langu halipo. Mzee aliyekuwa akinadi, mtu mwenye sauti ya kengele, alinieleza kwa furaha kwamba lile lilipata bei nzuri. Alilinadi kama ndizi mbivu za kuvundikwa. Alikuwa amelipima mkononi mbele ya watu na kuwaambia wasikie uzito wa baraka.

Nikamwuliza nani amenunua. Akamtaja bibi mmoja mjane wa kitongoji cha juu. Bibi huyo alijulikana kwa mambo mawili: hakukosa ibada, na hakurudisha kitu alichokinunua kwenye mnada wa Bwana. Watu walisema hata umpelekee jani la isale, ambalo kwetu ukiombwa nalo msamaha huwezi kukataa, angelitumia kufungia mbuzi.

Nilimkuta kwenye njia ya mfongo, ule mfereji wetu wa kumwagilia, amekaa kwenye jiwe. Furushi lilikuwa wazi mapajani mwake. Nikasimama mbele yake nikihema.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ni wewe uliyemtolea Mungu mawe?"

Nikamwambia si mawe, na halikuwa sadaka. Hakunisikiliza. Alieleza kwamba meno yake yamebaki manne, kwamba ndizi mbivu ndizo chakula chake cha Jumapili, kwamba alifungua apate moja njiani na akaona hii balaa. Alidhani zimeingia vumbi, akataka kuzisuuza. Akainua pleti moja mbele ya uso wangu.

"Hebu niambie," akasema, "jiwe gani hili linalokunywa maji?"

Akachota maji kwa kiganja, akayadondosha juu ya pleti. Yakapotea. Akadondosha tena. Yakapotea tena, kama yaliyomwagwa kwenye vumbi la kiangazi, pleti ikabaki imara, haina ufa, haijamwaga hata chembe. Nikamwomba adondoshe kwenye nyingine. Ikanywa. Nikakaa chini kwenye nyasi nikiwa na sare ya kwaya na nikaanza kucheka, na machozi yakija pamoja na kicheko.

"Nimeuziwa mawe na wewe unacheka," bibi akasema.

Kwanza nilimtoa kando ya mfereji, nikachota maji kwa jani, nikamsugua mikono kwa mchanga mbali na maji ya watu, kwa maana risasi si kitu cha kuchezea. Hilo fundi alilisema kila siku, ingawa siku zile hatukujua hata nusu ya ubaya wake. Huku nikimsugua, nikamweleza yote: betri, muuguzi, barua, lundo la samadi, Jumatatu ya mwisho. Nilipotaja redio akaacha kuvuta mikono.

"Mkwe wangu alishushwa kwa machela," akasema. "Kabla ya hiyo redio."

Nilikumbuka. Nilikuwa miongoni mwa walioimba makaburini.

Akazifunga pleti zote tena, moja moja, kwa majani yaleyale makavu, akakaza kamba ya mgomba kwa meno yake manne. Nikanyoosha mikono nipokee. Akanitazama kana kwamba sina adabu.

"Sikurudishii. Sadaka hii nimeitoa mimi. Ninaipeleka mwenyewe."

Hivyo tukashuka mpaka mjini, mimi nyuma na yeye mbele, furushi kichwani kwake, kwa mwendo ambao ulinitia aibu. Fundi alikuwa mlangoni na shati lake la Misa, ameshavaa aproni juu yake. Alimwamkia bibi, naye bibi akamwuliza kama ni yeye kijana anayefanya kazi siku ya Bwana. Kijana mwenyewe alikuwa amepita hamsini. Akajibu kwamba Bwana mwenyewe aliruhusu ng'ombe aliyetumbukia kisimani atolewe siku ya sabato.

"Mtoe basi," bibi akasema, "anakunywa maji sana huyu."

Fundi akachovya kidole, akadondosha tone. Akachukua pleti ya pili, ya tano, ya mwisho. Hakusema zimebatizwa. Alinusa moja, akatabasamu, akaniuliza ni ng'ombe wangu yupi. Kisha akazipanga kwenye vyumba vyao na kuanza kuzichaji polepole. Umeme ulikatika mara mbili wiki ile na kurudi. Nusu ya pleti zikageuka rangi ya kahawa iliyokaangwa na nusu zikawa kijivu, kila moja kwa upande wake, kama inavyotakiwa. Jumamosi muuguzi akaja na ngata yake.

Jumatatu ya mwisho nilikuwa zahanati kabla ya saa nne. Bibi alikuwa amenitangulia, amekaa kwenye benchi la wagonjwa ingawa hakuwa mgonjwa. Muuguzi akawasha redio. Taa yake ndogo ikawaka. Sauti ya mtu wa mjini ikaanza kuita majina ya zahanati, na zahanati za mbali zikajibu, kila moja kwa lafudhi ya upande wake. Jina letu lilikuwa karibu na mwisho. Lilipoitwa, yule mtu hakusubiri hata kidogo; alikuwa amezoea kimya chetu. Alishaanza kutaja lifuatalo.

Muuguzi akabonyeza kitufe akaongea juu yake, kwa sauti ileile ya upole aliyotumia siku zote. Pakawa na mkwaruzo, kisha kimya kirefu. Nilimwona bibi ameshika kingo za benchi.

"Rudia," ile sauti ikasema.

Akarudia jina la zahanati.

"Tunawapata vizuri. Vizuri sana. Mlikuwa wapi?"

Bibi akainuka, akamwomba muuguzi na yeye aongee. Haikuruhusiwa, na sote tulijua. Muuguzi akambonyezea kitufe. Bibi akainama mpaka midomo yake ikakaribia kugusa chombo, akasema, "Tulikuwa bandani." Akarudi kukaa. Mtu wa mjini akamwamkia shikamoo, zahanati zote za mlimani zikisikia.

Redio haikuondolewa. Betri ile ilifanya kazi mpaka ikapita masika mawili, na kina mama wale wanne walijifungua salama; mmoja wao gari liliitwa kwa redio hiyo, likafika. Pipa jipya hatukununua. Tangu hapo pleti zote za karakana zilivundikwa bandani kwangu, na fundi akawa anawaambia wateja kwamba betri zake zina dawa ya siri kutoka kwa Walutheri.

Baadaye milango ya biashara ikafunguka kweli. Betri mpya zikajaa madukani, zimefungwa nailoni, hakuna tena aliyetaka kufumua ya zamani. Fundi akafunga karakana kwa amani, akarudi Kilema kwenye kahawa yake. Sikusikitika. Kazi ilitupa tulichohitaji kwa wakati wake, na mvuke wa lundo la samadi bado ninautazama kila asubuhi ya Julai kwa heshima.

Bibi alitangulia mbele za haki akiwa na meno mawili. Kila mwaka wa uhai wake, wakati wa mavuno, alileta barazani furushi la ndizi mbivu lililofungwa kwa majani makavu, na kila mwaka alinizuia mlangoni aniambie nikague kwanza kilichomo.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akupe mahali pa joto wakati wa baridi yako. Akukumbushe unachokijua siku utakapokisahau. Na neema yake ikikudondokea, hata ikiwa tone moja, iingie mpaka ndani yako na ikae.